Mgeni Aliyekuja Bila Karatasi

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya karani wa parokia ni kazi ya kivulini. Ana meza, ana kalamu, ana muhuri, ana vitabu vyake vikubwa: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Mtu akija kutaka cheti, karani hufungua kitabu, huandika, hupiga muhuri, basi. Hata mimi nilidhani hivyo nilipoacha kufundisha darasa la nne, nikaitwa na Baba Paroko kuja kumwandikia vitabu vyake. Lakini mwaka 2017 nilijifunza ya kuwa mstari mmoja wa wino waweza kumwokoa mtu au kumpoteza. Nataka kuwasimulia habari hiyo, pamoja na kosa langu mwenyewe. Sisi tunaokaa mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, twatembelewa na wageni wa namna hii tangu zamani za baba zetu, na wengi wetu hatujui la kuwaambia.

OMBI LA MAMA MMOJA

Ilikuwa mwezi wa Septemba, baada ya Misa ya asubuhi. Mama mmoja alikaa barazani mbele ya ofisi na watoto watatu, kijana mmoja na wasichana wawili. Hakubisha hodi. Alingoja mpaka watu wote wamekwenda zao, ndipo akaingia. Alisema Kirundi, nami ni Muha, kwa hiyo tulisikilizana bila taabu, maana lugha hizi ni ndugu.

“Bwana Karani,” akasema, “nakuomba uniandikie vyeti vya ubatizo vya watoto hawa.”

Nikamwuliza, “Mama, walibatizwa lini?”

“Walibatizwa kwetu Burundi. Lakini wewe andika ya kuwa walibatizwa hapa. Andika walizaliwa hapa. Ni maneno machache tu.”

Kisha alifungua pindo la kitenge chake, akaweka mezani fedha kidogo iliyokunjwa kunjwa. Nilimwambia aziondoe. Akaanza kulia bila sauti, kama watu wanavyolia wanapoogopa kusikiwa na jirani.

Akanieleza habari zake. Mumewe alichukuliwa usiku na vijana wenye silaha, kwa sababu alikataa kuandikwa katika chama chao. Hakurudi tena. Mama akajificha kwa shangazi yake muda wa miezi saba. Wale vijana walipoanza kuuliza habari zake huko pia, akavuka mpaka kwa miguu pamoja na watoto. Sasa alikuwa amekaa katika kijiji chetu zaidi ya mwezi, nyumbani kwa Mkristo mmoja, bila kutoka mchana. Katika karatasi zote za nyumbani kwake alikuwa na moja tu: kadi ya ubatizo ya binti yake wa mwisho, imefungwa katika mfuko wa nailoni, na mtoto akiivaa shingoni chini ya gauni.

Wasomaji wapendwa, sitawaficha. Nilifungua kitabu cha ubatizo cha miaka ile. Chini ya ukurasa mmoja palikuwa na nafasi tupu ya mistari mitatu, kana kwamba iliachwa kwa makusudi. Nikashika kalamu. Nikawatazama wale watoto, na yule mdogo alikuwa amesinzia akiegemea mguu wa meza yangu. Kisha nikafunga kitabu, nikamwambia mama arudi kesho yake. Nikaenda kwa Baba Paroko.

KWA NINI CHETI CHA UWONGO SI MSAADA

Nilitazamia kwamba Baba Paroko ataniambia habari ya dhambi ya uwongo, na kweli alinikumbusha. Lakini zaidi alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri.

“Ukiandika ya kuwa watoto hawa ni wazaliwa wa hapa,” akasema, “umemsitiri leo. Kesho atakamatwa na cheti kile mkononi, ataulizwa: Kama ninyi ni watu wa Kigoma, mwamkimbia nani? Na akisema kweli siku ile, hakuna atakayemsadiki, maana amekwisha kutoa karatasi ya uwongo. Huyu mama hana silaha nyingine ila ukweli wake. Wewe wataka kumnyang’anya hata huo?”

Nikanyamaza. Akaniuliza kama najua sheria yasemaje juu ya watu wanaoomba hifadhi. Nikakiri kwamba sijui. Akanipa vitabu viwili, nikasoma usiku ule kwa taa. Nami nitawaeleza kwa kifupi niliyoyasoma.

MKIMBIZI NI NANI?

Si kila mtu aliyehama kwao ni mkimbizi. Aliyekwenda kutafuta kazi au shamba ni mhamiaji, naye ana taratibu zake. Mkimbizi ni mtu aliyetoka katika nchi yake kwa kuwa anaogopa, na ana sababu ya kuogopa, ya kwamba atadhulumiwa kwa ajili ya mojawapo ya mambo matano: kabila au rangi yake, dini yake, taifa lake, kundi la watu alilomo, au mawazo yake ya siasa, tena serikali ya kwao haimlindi. Hayo yamo katika Mkataba wa Wakimbizi uliofanywa mjini Geneva mwezi wa Julai mwaka 1951, baada ya vita kuu ya pili kuwaacha watu wengi mno wa Ulaya bila makao. Mwanzoni mkataba ule ulihusu watu waliokimbia kwa matukio yaliyotokea kabla ya mwaka 1951. Mwaka 1967 ukaongezwa mkataba mwingine wa kuondoa mpaka huo wa tarehe.

Sisi Waafrika tulipanua mlango zaidi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilipatana ya kuwa mkimbizi ni pamoja na mtu aliyefukuzwa kwao na vita, na uvamizi wa nchi ya nje, au na machafuko makubwa yaliyovuruga amani ya nchi. Tena zilisema ya kuwa kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi jirani isilihesabu kuwa ni uadui.

Katika hayo yote nguzo kubwa ni moja. Mkimbizi asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini. Hicho ni kifungu cha 33 cha mkataba wa Geneva. Lakini mlango huu si wa kila mtu. Aliyeua watu katika vita kinyume cha sheria za mataifa, au aliyefanya uovu mkubwa kwao kisha akakimbia hukumu, hawezi kujificha nyuma ya jina la mkimbizi. Ndiyo maana kuna maswali, kuna mafaili, na kuna kungoja. Wanaouliza si wote wabaya. Wanatafuta kutenganisha anayekimbia damu na aliyeimwaga.

MAMBO HAYA SI MAPYA KWETU

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Warundi walipovuka kwa maelfu, wakapewa ardhi huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa kundi lile na wana wao walipewa uraia wa Tanzania, jambo lisilotokea mara nyingi duniani. Mwezi wa Aprili mwaka 1994 Wanyarwanda kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 1996 Wakongo walivuka ziwa, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu. Na mwaka 2015 Warundi walijaa pwani ya kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikaingia kati yao, na meli ya zamani Liemba ikawachukua kwa zamu mpaka Kigoma mjini. Mwalimu Julius Nyerere, kwa jinsi nchi yetu ilivyowapokea wageni, alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983.

Nansen huyo alikuwa mtu wa Norway. Baada ya vita kuu ya kwanza aliona Warusi wengi wametawanyika Ulaya, nao wamenyang’anywa uraia wao. Hawakuweza kuvuka mpaka wala kupata kazi, kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Mwaka 1922 akatengeneza hati maalumu kwa ajili yao, nayo ikaitwa pasi ya Nansen. Basi mwaona, shida ya mkimbizi na shida ya karatasi zimetembea pamoja kwa muda wa miaka mia na zaidi.

Wakati wa makundi makubwa, hakuna serikali inayoweza kumhoji kila mtu. Husemwa tu: wote watokao nchi fulani kwa sababu fulani wahesabiwe kuwa ni wakimbizi. Ndivyo Warundi walivyopokewa mwaka 2015. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2017 serikali yetu iliondoa utaratibu huo kwa Warundi, na kila mmoja akatakiwa kujieleza peke yake. Yule mama alivuka mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kwa hiyo hakuwa na kundi la kuingia ndani yake. Alikuwa na maneno yake tu.

SIKU SABA

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 yataka mtu aombaye hifadhi ajitokeze mara aingiapo, au katika muda usiozidi siku saba. Wala haimlazimu kwenda mbali. Aweza kwenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Akijitokeza hivyo, haadhibiwi kwa sababu tu kwamba alivuka mpaka bila ruhusa.

Mama alikuwa amepitisha siku hizo. Yule Mkristo aliyemficha alidhani anatenda huruma, na moyo wake ulikuwa mwema kweli. Lakini kwa kumficha alimwongezea hatari. Kesho yake aliporudi, nilimweleza haya yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, “Nikienda kwa Mtendaji, hatanirudisha?” Nikajibu, “Mama, siwezi kukuapia. Lakini twende wote, Baba Paroko na mimi, nawe useme kweli kwa nini ulichelewa.” Akakubali. Mtendaji akamsikiliza, akaandika taarifa, akapeleka habari kwa wakubwa wake. Baada ya siku chache mama na watoto wakachukuliwa kupelekwa kambini.

MAMBO YA OFISINI

Wengi hudhani ya kuwa kuomba hifadhi ni kujaza fomu moja na kungoja jibu. La, hasha. Kwanza ni kuandikishwa: majina ya watu wote wa nyumba moja, tarehe za kuzaliwa, mahali walipotoka, picha, na alama za vidole. Kisha hupewa karatasi ya kuonyesha kwamba wamejiandikisha, nayo yapasa kutunzwa kama mboni ya jicho. Baadaye huja mahojiano. Afisa humhoji mwombaji faraghani, pamoja na mkalimani, pengine kwa saa nyingi, naye huandika kila neno. Ndipo faili hupelekwa mbele. Hapa kwetu, kwa sheria ile ya mwaka 1998, iko Kamati ya Taifa inayochunguza maombi, na uamuzi hutoka kwa Waziri mwenye kazi hiyo. Mtu akikataliwa, ana nafasi ya kuomba shauri lake litazamwe tena.

Katika kuandikishwa tu mama alipata taabu mbili. Ya kwanza, aliulizwa kwa nini watoto wake watatu wana majina matatu yasiyofanana, wala hayafanani na la baba. Huenda ni watoto wa watu wengine? Kumbe kwa Warundi desturi ndiyo hiyo: kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, si jina la ukoo. Ya pili, jina la kijana liliandikwa kwa L mahali pa R. Sisi huona ni jambo dogo. Lakini katika karatasi, mtu wa L na mtu wa R ni watu wawili.

KOSA LANGU

Sasa nafika mahali ninapoona haya. Kabla mama hajaondoka kijijini, nilijitolea kumwandikia habari zake, ili azitoe ofisini. Nilisoma chuo cha ualimu. Najua kuandika insha yenye mwanzo, kati na mwisho. Nilimwuliza, “Mumeo alichukuliwa lini?” Akajibu, “Wakati wa kuvuna maharage.” Nikaona jibu hilo si safi kwa karatasi ya ofisi. Nikaandika: “Mwezi wa Juni, mwaka 2017.”

Msomaji uliye mkulima umekwisha kuliona kosa. Maharage huvunwa mara mbili: mara moja karibu na mwezi wa Januari, na mara ya pili karibu na Juni. Nami ni mtoto wa mkulima, shamba la mama yangu liko nyuma ya kanisa, lakini sikuuliza ni mavuno yapi. Yeye alisema habari za Januari. Nilimsomea karatasi ile haraka haraka kwa Kiswahili, lugha asiyoijua vizuri. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, maana alimwona mbele yake mtu aliyesoma. Akaweka alama ya kidole gumba. Nikapiga muhuri wa parokia chini yake, ili ionekane ya maana.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 katekista aliyekuwa akienda kambini kusalisha alinirudia na habari. Mama amekataliwa. Katika mahojiano alisema kweli yake: mume alichukuliwa, naye akajificha miezi saba, kisha akavuka mwezi wa Agosti. Afisa akaitazama karatasi yangu. Tangu Juni mpaka Agosti, miezi saba imetoka wapi? Akamwuliza mara mbili. Mama hakujua lililoandikwa, hivyo hakujua kosa liko wapi. Akachanganyikiwa, akanyamaza. Na kunyamaza kule kukaandikwa pia.

Usiku ule sikulala. Niliogopa kumpa mama cheti cha uwongo nikijua. Kumbe nilimpa uwongo mwingine bila kujua, tena wenye muhuri.

BARUA YA PILI

Asubuhi nilimwambia Baba Paroko. Nilitumaini moyoni kwamba atasema, “Yamekwisha kupita.” Hakusema hivyo. Alisema, “Uliandika karatasi ya kwanza kwa ujuzi wako. Sasa andika ya pili kwa unyenyekevu, nami nitatia sahihi kando yako.”

Mtu asidhani ya kuwa ni rahisi. Karani aliyekiri kwa maandishi kwamba ameandika jambo asiloambiwa, nani atamwamini tena? Hata mjumbe mmoja wa halmashauri ya parokia aliniambia, “Mwalimu, mbona unajitia aibu kwa ajili ya mtu wa nje?” Nikamjibu ya kuwa aibu ni yangu, lakini hatari ni ya yule mama na wanawe.

Basi nikaandika. Nilisema waziwazi: mimi ndimi niliyeweka neno Juni, mama alisema wakati wa kuvuna maharage, sikumwuliza mavuno yapi, nilimsomea kwa lugha asiyoielewa vema. Nikaongeza habari ya majira ya maharage katika nchi yake na yetu. Sikuongeza neno la kumsifu wala la kumlilia. Naye mama, kwa msaada wa mwanamke mmoja wa kambini ajuaye kuandika, aliandikiwa ombi lake kwa Kirundi, neno kwa neno kama alivyosema, kisha likasomwa mbele yake mara mbili.

Nilitaka pia kuandika barua kwa parokia ya kwao, wanitumie habari za ubatizo wa watoto. Nikakatazwa, na kwa haki. Barua iendayo kule yaweza kuwaonyesha adui mahali mtu alipo, au kuwaletea taabu shangazi na jamaa waliobaki. Habari za mwomba hifadhi hazipelekwi kwao bila yeye mwenyewe kuridhia.

Tulifanyaje basi juu ya watoto wawili wasio na kadi? Hapo nilishangaa kuona hekima ya sheria zetu za Kanisa. Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema ya kuwa, ikiwa hakuna mtu wa kudhurika, ushahidi wa mtu mmoja asiye na shaka watosha kuthibitisha ubatizo. Na kambini alipatikana mzee mmoja kutoka kigango kile kile, aliyesimama siku ile kuwa msimamizi wa kijana. Kitabu chaweza kuungua, lakini mtu aliyeona bado yupo. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaohudumia wakimbizi husema karibu neno lilo hilo: mkimbizi mara nyingi hana karatasi, kwa hiyo hadaiwi kuthibitisha kila jambo kwa hati. Akijitahidi kusema yote, na maneno yake yakipatana yenyewe kwa yenyewe na kupatana na yanayojulikana, hupewa nafasi ya kuaminiwa.

Mama aliitwa tena, akahojiwa tena. Safari hii alipoulizwa mwezi, alijibu, “Sijui mwezi wenu. Yalikuwa mavuno ya kwanza, mvua zilikuwa hazijakwisha.” Jibu lile nililoliona si safi ndilo lililoaminiwa. Mwisho wa mwaka 2018 akapata habari kwamba amekubaliwa pamoja na watoto wake. Ile L ya kijana ilichukua miezi mingine mingi kabla haijawa R.

MASHAURI YANGU KWA WASOMAJI

Taratibu za serikali hubadilika, nazo zimebadilika zaidi ya mara moja tangu siku zile. Kwa hiyo ulizeni kwanza kwa wakubwa. Lakini yako mambo yasiyobadilika, nayo ndiyo haya:

1. Mgeni akija akiogopa, msimfukuze, wala msimfiche. Mpeni maji na chakula, kisha mfuataneni naye kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku saba ni chache.

2. Msimwandikie uwongo wala msimfundishe uwongo. Wako watu wanaouza hadithi tayari, wakisema, “Sema hivi, wote waliosema hivi walikubaliwa.” Njia ya mwongo ni fupi. Maafisa wamekwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi.

3. Kuomba hifadhi hakulipiwi. Fomu haiuzwi, nafasi katika safu haiuzwi, mahojiano hayauzwi. Anayedai fedha ni mwizi, hata akivaa tai.

4. Mwombaji aseme anayoyajua, na asiyoyajua aseme, “Sijui.” Asibuni tarehe. Kama anakumbuka kwa mavuno, kwa mvua, kwa Kwaresima au kwa umri wa mtoto, aseme hivyo hivyo.

5. Asipomwelewa mkalimani, aseme papo hapo. Kuuliza si ujinga. Mwanamke mwenye jambo la aibu aweza kuomba asikilizwe na afisa mwanamke, peke yake, bila mume wala jamaa. Anayo pia sababu yake mwenyewe ya kukimbia. Asidhani ni ya mume tu.

6. Asitie alama ya kidole chini ya maneno ambayo hayakusomwa kwake kwa lugha yake.

7. Karatasi za asili azitunze mwenyewe, atoe nakala. Hata kadi ndogo ya ubatizo, ya kliniki au ya shule isitupwe.

8. Majina yaandikwe namna moja katika karatasi zote. Kosa la herufi lisahihishwe siku ile ile linapoonekana.

9. Akikataliwa asikate tamaa wala asitoroke. Aulize sababu, aulize muda aliopewa wa kuomba tena, na atoe ombi lake kabla muda haujapita.

Na ninyi makarani wenzangu, na walimu, na makatekista, nina neno moja kwenu. Watu hutuletea mambo yao kwa sababu tunajua kalamu. Tusifanye maneno yao kuwa mazuri kuliko walivyoyasema. Siku hizi mtu akiniambia “wakati wa maharage,” nauliza, “Maharage yapi?” kisha naandika alivyosema. Nikimaliza namsomea kwa lugha yake, na namwacha anisahihishe.

Nafasi ile ya mistari mitatu chini ya ukurasa bado ipo tupu katika kitabu chetu. Kila ninapotafuta cheti cha mtu wa mwaka ule naipita. Baba Paroko aliniruhusu kupiga mstari juu yake, ili asije mtu mwingine akajaribiwa kuitumia. Nami nimeupiga.